Seva moja, watu kumi: kuandaa maeneokazi ya mbali ofisini

Kwenye maeneokazi ya mbali (Remote Desktop), kila mtu anafanya kazi ndani ya seva kupitia kompyuta yake. Kwa ofisi isiyo na domeni (mfumo wa Windows wa kusimamia akaunti na kompyuta zote mahali pamoja), seva moja ya Windows Server 2022 inatosha kuhudumia wafanyakazi 10 wa hesabu na barua pepe. Weka RAM ya GB 32: kama GB 2 kwa kila mtu, zinazobaki za seva yenyewe na za vivinjari, ambavyo havishibi. Diski iwe SSD, la sivyo wote watakwama saa mbili asubuhi wakiingia kwa pamoja. UPS (betri ya akiba ya umeme) ni lazima, kwani umeme ukikatika kazi ya watu wote inapotea.

Fungua Server Manager, chagua njia ya Role-based (ile nyingine inadai domeni), kisha sakinisha Remote Desktop Session Host (inayoendesha vikao vya watu) na Remote Desktop Licensing (inayosimamia leseni). Washa seva upya. Fungulia kila mtu akaunti yake na uiingize kwenye kundi la Remote Desktop Users.

Sasa leseni, panapoharibika pengi. Mfumo hukuachia siku 120 bila kudai kitu, ofisi inasahau, halafu asubuhi moja hakuna anayeingia. Nunua RDS CAL (leseni za kuingia kwenye seva kwa mbali) za Per Device, yaani kwa kila kifaa. Za Per User, yaani kwa kila mtu, zinahitaji domeni. Ukizitumia hizo bila domeni, seva hukata kikao kila baada ya dakika 60, na fundi asiyejua hilo ataulaumu mtandao. Kisha fungua gpedit.msc (kihariri cha sera za Windows), nenda kwenye sehemu ya Licensing chini ya Remote Desktop Session Host, uandike jina la seva ya leseni na aina ya leseni.

Kabla ya kusakinisha programu ya watu wote, andika `change user /install` kwenye Command Prompt. Ukimaliza, `change user /execute`. Kwa Office, hakikisha kifurushi kinaruhusu kompyuta ya pamoja: Microsoft 365 Business Premium kinaruhusu, Business Standard hakiruhusu.

Wengi hufunga dirisha bila kutoka, na kikao kinaendelea kula RAM. Katika Session Time Limits, humo humo kwenye gpedit.msc, vikao vilivyoachwa vifungwe baada ya saa 2, ila waambie watu kwanza wahifadhi kazi zao.

Usifungue kamwe mlango (port) 3389, unaotumiwa na Remote Desktop, kuelekea intaneti. Wanaojaribu manenosiri watabisha hodi mchana na usiku. Walio nje ya ofisi wapitie VPN, yaani njia salama iliyosimbwa ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi.