Kuiga jaribio la mwale wa chembe kwa kihisi cha silikoni kwa Allpix Squared

Allpix Squared ni programu ya kuiga vihisi vya silikoni. Anza na kihisi kimoja. Darubini ya sahani sita (vihisi vilivyopangwa kufuatilia njia ya chembe) itasubiri. Tuchukue pikseli za mikromita 55, unene wa mikromita 300, na elektroni za GeV 5 (gigaelektronivolti, kipimo cha nishati) kama zile za DESY, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko Hamburg.

Faili la usanidi lina moduli hizi (hatua za mwigo) kwa mfuatano: GeometryBuilderGeant4, DepositionGeant4, ElectricFieldReader, GenericPropagation, SimpleTransfer, DefaultDigitizer. Andika kipimo kila mahali (300um, -100V), kwani 300 tupu husomwa kuwa milimita.

Kinachowasumbua wengi ni alama ya volti. Ukiigeuza, elektroni hukimbilia upande wa nyuma na pikseli hukaa kimya, ingawa Geant4, programu inayoiga chembe zinavyopita ndani ya kihisi, imeacha chaji tele.

Endesha matukio 1000 kwanza, utazame histogramu ya chaji: kilele kiwe kwenye elektroni 22,000 hivi. Kikiwa chini sana, huenda volti haikutosha kueneza uga wa umeme katika unene wote.

Mwale ukiingia wima, pikseli moja ndiyo huwaka mara nyingi, na usahihi wa kupima mahali chembe ilipopita hukwama karibu na mikromita 16, yaani 55 kugawa kwa √12. Inamisha kihisi digrii 10 hivi: chaji itagawanyika kwa pikseli jirani, na usahihi utaboreka.