Kitunguu, strungi na pleteleti: usimwage polifenoli kwa sinki

Ukijikata na kisu, pleteleti, zile chembe ndogo za damu, ndio hukimbilia pale zikashikana hadi damu ikome. Shida ni zikishikana ndani ya mshipa ulioziba nusu na mafuta, hapo ndio unasikia mtu amepata stroki. Polifenoli ni vitu mimea inajitengenezea, ndio zinapea kitunguu ile zambarau na strungi ule ukali wa kukausha ulimi, na kwa maabara zimeonekana zikipunguza huko kushikana na pia kutuliza oksijeni kali inayochokoza pleteleti. Ndani ya mtu nguvu yake ni kidogo, usingoje miujiza, lakini mbona umwage kitu umeshalipia kwa mama mboga?

Anza na kitunguu chekundu, hapo ndio wengi tunaharibu. Toa yale maganda makavu tu, usibandue na ile nyama ya kwanza ya nje, kwa sababu iko na kwasetini (aina moja ya polifenoli) kuliko ya katikati. Halafu kachumbari, wacha kuloweka kitunguu kwa maji ya chumvi nusu saa ukimwaga maji yamegeuka pinki, hiyo pinki ndio polifenoli zenyewe zinaenda. Kata nyembamba, suuza haraka mara moja kama kinakuwasha sana, kamulia ndimu, utaona rangi inawaka nyekundu juu asidi inaishika. Ukikipika, kaanga ama weka kwa mchuzi, ukichemsha usitupe supu.

Chai: kunywa strungi angalau kikombe kimoja kabla ya ile ya maziwa, protini ya maziwa hushikana na polifenoli ingawa watafiti bado wanabishana kama inadhuru kitu. Kuna ile chai ya zambarau pia, aina inaitwa TRFK 306, ilitolewa na watafiti wa chai Kericho 2011, iko na rangi sawa na ya matunda meusi. Lakini usishushie githeri na strungi, inazuia madini ya chuma, ngoja kama saa moja, hasa ukiwa mjamzito. Wimbi ya uji nayo isikobolewe, polifenoli nyingi ziko kwa ganda.

Vidonge vya polifenoli mimi siwezi kushauri mtu anunue. Aspirini ikishika pleteleti inaizima maisha yake yote, kama siku 7 hadi 10, chakula hakifanyi hivyo, kwa hivyo usiache dawa ya daktari eti unakula kitunguu. Na kama unameza aspirini ama wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, vidonge vya kitunguu saumu vinaweza kuzidisha kutokwa na damu. Fizi zikitoa damu ovyo ama uone vidoa vyekundu kwa miguu, enda upimwe damu, pleteleti za kawaida ni 150,000 hadi 450,000 kwa maikrolita. Ukipangiwa operesheni ama kung'olewa jino, mwambie daktari mapema kila kitu unameza, hata ile miti shamba ya soko la Muthurwa.