Somo: Pima mbegu ya mahindi kwa kitambaa, kama walivyohimizwa wakulima wa Marekani mwaka 1918

Wakuu, habari za shamba.

Wengi mmeliona lile bango la James Montgomery Flagg la mwaka 1918: mwanamke aliyevaa bendera ya Marekani anatembea kwenye shamba lililolimwa huku akirusha mbegu. Lilitolewa kuhimiza bustani za mboga wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Nalipenda sana, ila halimwambii mkulima mbegu ipi itaota, na kwa wakulima wa mahindi wa majimbo ya Iowa na Illinois hilo ndilo lilikuwa swali la mwaka. Mahindi ya 1917 yalipigwa na jalidi, yaani baridi ya kugandisha umande, mapema, Septemba, kabla hayajakauka. Ikafuata baridi kali mno. Maji yaliyobaki ndani ya punje yakaganda na kiini kikafa, huku punje kwa nje inang'aa kama kawaida. Mbegu chotara za dukani, zile za kuchanganya aina mbili, hazikuwepo bado. Kila mtu alitegemea mahindi aliyotenga mwenyewe. Na vita vilidai chakula. Ndiyo maana masika ya 1918 walihimizwa wapime kila hindi kabla ya kupanda.

Elimu walikuwa nayo. Profesa Perry Holden wa chuo cha kilimo cha Iowa alianza kuzunguka na treni mwaka 1904 kufundisha jambo hilihili. Kifaa chao kilikuwa kitambaa kilichoviringishwa, wakakiita mwanasesere wa matambara. Hebu tukitengeneze.

Hatua ya 1. Chagua mahindi ya mbegu, lakini usipukuchue. Hapa ndipo tunapoharibu. Hindi lenye mistari 16 ya punje 50 lina punje 800. Kama limekufa na umeshalichanganya kwenye gunia, hulitoi tena, na shambani yatakuwa mapengo 800. Yapange kwenye mkeka, kila moja na namba yake, mahali panya hafiki.

Hatua ya 2. Chukua kipande cha khanga ya zamani. Chora miraba kwa penseli, maana wino hutapakaa, kila mraba na namba. Kiloweshe, ukikamue.

Hatua ya 3. Kwa ncha ya kisu, toa punje 6 kwenye kila hindi: 2 karibu na kitako, 2 katikati, 2 kuelekea nchani, ukiligeuza hindi ili zisitoke upande mmoja. Ziweke kwenye mraba wenye namba ya hindi hilo.

Hatua ya 4. Viringisha bila kukaza, funga kwa uzi. Loweka usiku mmoja, mwaga maji yote, kisha simamisha kwenye ndoo na ufunike kwa kitambaa kibichi. Kiwe mahali penye vuguvugu siku 5 hadi 7, kisikauke.

Hatua ya 5. Fungua taratibu. Punje hai ina mzizi mweupe mnene na chipukizi lililosimama. Iliyokufa imevimba tu. Ukiibonyeza kwa ukucha inatoa ute, na mara nyingi ina ukungu. Hindi lililootesha zote 6 kwa nguvu ndilo mbegu. Lililootesha 5 mimi nalipeleka mashine, kama mengine yanatosha.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi nimeshapukuchua gunia zima. Nifanyeje?
Jibu: Chota sehemu mbalimbali za gunia, hesabu punje 100, uziviringishe vilevile. Zikiota 90, panda. Zikiota 70, ongeza punje kwenye shimo. Zikiwa chini ya nusu, tafuta mbegu nyingine mapema, usingoje mvua.

Swali: Nimevuna chotara. Zikiota zote 6, si nipande tu?
Jibu: Kuota zitaota, ndugu yangu, lakini watoto wa chotara hawamfuati mama, mavuno yatashuka. Kitambaa kinapima uhai, hakipimi ukoo. Somo hili ni la mbegu za kienyeji na zile za kurudia, yaani unazoweza kutenga kwenye mavuno yako na kupanda tena, kama Staha na Kilima.

Swali: Huku kwetu Pwani hakuna jalidi. Kiini kitauawa na nini?
Jibu: Unyevu na joto la ghala, na dumuzi, yule mdudu anayetoboa punje. Pia kuanika juu ya bati la moto. Bibi zetu walitundika mahindi ya mbegu juu ya meko, yakakauka polepole na moshi ukafukuza wadudu. Bado ni njia nzuri.

Swali: Mahindi yaliyoshindwa naweza kuwapa kuku?
Jibu: Kama hayajatiwa dawa na hayana ukungu, wape. Yakiwa na dawa ya dumuzi au ya mbegu, usiwape, wala usiyasage. Zile punje za kwenye kitambaa zilizoota ukungu, zifukie.