Kupanga lifti ya nguzo mbili katika karakana ya nyumbani: anza na gari, ukuta baadaye

Kutoboa shimo moja la bolti kwenye zege ni kazi ya dakika chache, lakini shimo likikaa pasipo pake halisogezwi. Huwezi hata kutoboa jingine kandokando yake, kwa sababu zege lililo katikati ya mashimo mawili yaliyobanana hukosa nguvu ya kushika bolti. Kwa hiyo kazi kubwa ya kufunga lifti ya kunyanyulia gari hufanyika kwa chaki, uzi na futi, siku kadhaa kabla drili haijawashwa.

Lifti yangu ya kwanza niliipimia kutoka ukutani. Nilidhani ukuta umenyooka, kumbe katika mita 6 ulikuwa umekwenda upande kwa sentimita 4. Nguzo zikasimama zikiwa zimepinda kuhusiana na mlango wa karakana, na kila gari lililoingia ilibidi liingizwe kimshazari ndipo mikono ya lifti ifike chini yake. Nilivumilia miezi, kisha nikang'oa zote mbili na kuzihamisha. Tangu siku hiyo sinyooshi nguzo kwa kufuata ukuta. Gari ndilo linalotangulia, na nguzo hulifuata.

Hatua ya 1: Ijue lifti yako

Lifti za nguzo mbili ziko za aina kuu mbili. Ya kwanza ni ya ulinganifu: nguzo zinatazamana uso kwa uso, mikono yote minne ina urefu sawa, na gari hukaa karibu nusu mbele ya nguzo na nusu nyuma. Ya pili si ya ulinganifu: nguzo zimezungushwa takriban nyuzi 30, mikono ya mbele ni mifupi na ya nyuma ni mirefu, na gari hukaa nyuma zaidi, kiasi cha asilimia 30 mbele ya nguzo na 70 nyuma. Faida yake ni kwamba mlango wa dereva hufunguka bila kugonga nguzo.

Angalia pia nguzo zimeunganishwa wapi. Zikiunganishwa kwa boriti ya juu, sakafu inabaki wazi na unaweza kusukuma jeki ya gia bila kikwazo, ila nyingi zinahitaji dari ya takriban mita 3.6. Zikiunganishwa kwa bamba la chini, dari fupi inatosha, lakini utakuwa ukivuka bamba hilo kila siku.

Hatua ya 2: Pima zege

Usiruke hapa. Watengenezaji wengi wanataka zege lenye unene usiopungua milimita 100, nguvu ya takriban megapaskali 21, na lililokomaa siku 28. Kitabu cha lifti yako kikitaka zaidi, kifuate hicho. Lami haifai kabisa.

Ili kujua unene, toboa tundu dogo. Chukua waya mgumu, ukunje ncha yake kama ndoana, uuingize mpaka chini, kisha uuvute juu taratibu hadi ndoana ishike tumbo la zege. Weka alama kwenye waya pale unapokutana na uso wa sakafu, utoe, upime. Rudia upande wa nguzo ya pili, kwa kuwa sakafu nyingi hazina unene mmoja. Ukikuta milimita 80, suluhisho ni kukata sehemu hiyo na kumwaga zege jipya nene, wala si kutafuta bolti fupi.

Kagua nyufa na viungo vya sakafu. Bolti isikae karibu navyo wala karibu na ukingo wa zege. Vitabu vingi vinataka nafasi ya kati ya sentimita 15 na 30. Hakikisha pia hakuna bomba wala waya wa umeme unaopita chini.

Mteremko upime kwa mpira mwembamba wenye maji, unaoonyesha ndani, ncha moja kila upande. Tofauti ndogo hurekebishwa kwa vipande vyembamba vya chuma chini ya nguzo, na wengi huweka kikomo cha milimita 13 hivi. Ikizidi hapo, sawazisha sakafu kwanza.

Hatua ya 3: Ingiza gari, ulisimamishe unapotaka likae

Hii ndiyo hatua ninayoitetea kuliko zote. Ingiza gari unalolitengeneza mara nyingi, ulipange kana kwamba lifti ipo tayari. Mbele acha nafasi ya meza ya kazi na njia ya mtu kupita akisukuma injini au gia. Nyuma acha nafasi ya kutoa ekseli bila kufungua mlango wa karakana.

Tuseme meza ina sentimita 60, njia sentimita 100, na gari lina urefu wa sentimita 450. Bampa la mbele litakuwa sentimita 160 kutoka ukutani na la nyuma sentimita 610. Sasa tazama mstari wa nguzo. Kwa lifti isiyo ya ulinganifu, asilimia 30 ya gari ni sentimita 135, basi mstari uko kwenye 295. Kwa lifti ya ulinganifu, nusu ya gari ni sentimita 225, basi mstari uko kwenye 385. Gari halijasogea hata kidogo, nguzo zimehama sentimita 90. Ndiyo maana kunakili vipimo vya karakana ya rafiki ni hatari: huenda lifti yake si ya aina yako.

Hesabu hiyo ni ya kuanzia tu. Kinachoamua ni sehemu za kunyanyulia. Tafuta zile nne ambazo mtengenezaji wa gari ameziweka chini ya ubavu, teremsha timazi kutoka kila moja, na utie alama ya chaki sakafuni. Likiondolewa gari, zinabaki nukta nne.

Kata fimbo mbili: moja urefu wa mkono ukiwa umerudi ndani kabisa, nyingine urefu wake ukiwa umevutwa mwisho. Mikono mifupi na mirefu ikitofautiana, kila aina ipate fimbo zake. Weka ncha ya fimbo pale itakapokuwa pini ambayo mkono huizunguka, uizungushe huku chaki ikichora upinde. Kila nukta lazima iangukie kati ya pinde mbili za mkono wake. Ikianguka nje, sogeza mstari wa nguzo mbele au nyuma mpaka zote nne ziingie. Kisha rudia kwa gari fupi kuliko yote na refu kuliko yote unayotarajia kunyanyua.

Hatua ya 4: Tazama juu

Lifti hunyanyua takriban sentimita 180. Gari la kimo cha sentimita 150 litafika 330, na lile refu la sentimita 180 litafika 360. Taa, mabomba na mota ya mlango vyote vihesabiwe. Mlango wa kukunjwa juu ndio unaosahaulika sana: ukiwa umefunguka hulala chini ya dari, mahali hasa ambapo paa la gari linapanda. Ufungue, upime kutoka chini ya reli zake.

Hatua ya 5: Piga skwea

Vuta uzi katikati ya njia ya gari, kuanzia katikati ya mlango. Kisha vuta mstari wa nguzo ukikatiza uzi huo, na upige skwea, yaani upate pembe mraba, kwa 3-4-5: mita 3 kwenye uzi mmoja, mita 4 kwenye mwingine, mshazari uwe mita 5 kamili. Chora bamba la kitako la kila nguzo, umbali sawa kutoka uzi wa katikati. Pima mishazari miwili, kutoka kona ya bamba moja hadi kona ya mkabala ya jingine. Mimi sikubali tofauti inayozidi milimita 5.

Sasa weka maboksi marefu juu ya michoro hiyo, ukae nayo siku mbili. Ingiza gari, fungua milango, pitisha toroli. Ukigonga boksi, umepata jibu bure.

Hatua ya 6: Simamisha na ufunge

Nguzo ni nzito na hupenda kuanguka, kwa hiyo uwe na wasaidizi. Simamisha nguzo ya kwanza juu ya mchoro, tumia matundu ya bamba kuongoza biti, na uvae barakoa maana vumbi la zege huharibu mapafu. Safisha vumbi lote ndani ya tundu, kwani bolti iliyokaa juu ya unga haishiki. Simamisha wima kwa pimamaji, kisha kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu. Bolti ikizunguka bila kufikia kipimo, zege limekataa. Simama hapo, usiongeze nguvu.

Kabla ya kutoboa ya pili, pima upya umbali na mishazari kutoka nguzo iliyokwisha fungwa.

Ukishaunganisha haidroliki na kusawazisha kebo ili mikono ipande pamoja, panda na kushuka mara kadhaa bila mzigo, ukisikiliza kufuli zinazozuia mikono isishuke, za pande zote mbili, zikilia kwa pamoja. Halafu weka gari, nyanyua sentimita 10 tu, ulitikise kwa mikono kutoka kwenye bampa. Likitulia, nyanyua hadi kufuli ya kwanza na ulishushe juu yake. Baada ya hapo kaza bolti zote tena kwa spana ya toki, na uzikague kila baada ya muda ambao kitabu kinasema.

Gari likiwa bado limekaa vizuri, lishushe, uchore kwa rangi mstari mbele ya tairi ya mbele na uandike aina ya gari hilo kando yake. Sakafuni kwangu ipo mistari mitano.