DVD inachomwa polepole kwenye Linux? Soma fifo na buf kabla ya kununua draivu mpya

Studio ndogo za video hapa Dar bado zinachoma DVD. Video ya harusi utaituma WhatsApp, sawa, lakini bibi mwenye deki sebuleni anataka kitu cha kushika, na kamati inataka nakala zake kabla ya Jumamosi. Draivu iliyoandikwa 16x ikianza kutambaa kwa 2x, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kununua nyingine. Usikimbilie. Kasi huzibwa sehemu moja kati ya tatu: kwenye diski na draivu yenyewe, kwenye njia ya kupitishia data, au kule faili linakotoka. Ukijua ni wapi, mara nyingi dawa yake haina gharama kubwa.

Hatua ya 1: Jua kasi unayoitegemea

1x ya DVD ni kilobaiti 1,385 kwa sekunde. Ya CD ni kama 150 tu, kwa hiyo 48x ya CD usiilinganishe na 16x ya DVD. DVD iliyojaa, GB 4.7, inakula karibu saa nzima kwa 1x, dakika 14 hivi kwa 4x na 7 kwa 8x, bila kuhesabu muda wa kuifunga mwishoni. Halafu 16x yenyewe haianzi na 16x: draivu huanzia ndani ya diski kwa kasi ndogo, kama 6x, na kupanda kadiri leza inavyosogea ukingoni. Ukiona 6x dakika ya kwanza, tulia.

Hatua ya 2: Iulize diski

Weka diski tupu, kisha sakinisha xorriso (programu ya kuchoma diski) na uiulize:

```
sudo apt install xorriso
xorriso -outdev /dev/sr0 -toc -list_speeds
```

Mistari ya `Write speed` ndiyo kasi ambazo draivu imezikubali kwa diski hiyo. Zikiishia `5540k , 4.0xD`, hata ukidai 16x utapewa 4x. Tazama na mstari wa `Media product`: unataja kiwanda kilichoitengeneza diski, na si lazima kifanane na nembo ya juu. Boksi la diski 50 ulilonunua Kariakoo mwezi huu na la mwezi ujao yanaweza kuwa na nembo moja na viwanda viwili. DVD-RW nazo kwa kawaida ni za polepole kuliko DVD-R, hilo si tatizo la Linux.

Hatua ya 3: Choma huku ukisoma namba mbili

```
xorriso -as cdrecord -v dev=/dev/sr0 speed=8 fs=64m -eject harusi.iso
```

`harusi.iso` ni faili moja lenye kila kitu kitakachokuwa kwenye diski. Wakati inachoma utaona kitu kama hiki:

```
(fifo 98%) [buf 100%] 7.9x
```

Wengi wanakodolea macho ile x ya mwisho. Mimi naanza na hizo asilimia. Fifo ni tangi la data lililoko kwenye RAM. Buf ni tangi dogo lililo ndani ya draivu. Fifo ikishuka na kubaki chini, faili halifiki kwa wakati. Fifo ikiwa imejaa lakini buf inapanda na kushuka, njia ya kati ndiyo nyembamba. Zote zikiwa zimejaa na kasi bado ndogo, diski au draivu ndiyo inayojizuia.

Hatua ya 4: Tibu sehemu husika tu

Fifo inashuka: faili liko kwenye flashi, au linavutwa kwa Wi-Fi kutoka kompyuta ya pili, au unarenda video nyingine papo hapo. Lihamishie kwenye diski ya ndani, acha kurenda, kisha pima kasi ya kulisoma:

```
dd if=harusi.iso of=/dev/null bs=1M status=progress
```

8x inahitaji MB 11 kwa sekunde mfululizo. Kama unachoma maelfu ya picha ndogondogo, zitengenezee ISO kwanza.

Buf inayumba: kwa draivu ya nje, andika `lsusb -t`. Ukikuta `12M` badala ya `480M`, umeshapata mchawi, USB 1.1 haifikishi hata 1x ya DVD. Toa habu, chomeka moja kwa moja nyuma ya kompyuta, badilisha waya. Kwa draivu ya ndani, soma ujumbe wa keneli (kiini cha Linux):

```
sudo dmesg | grep -i ata
```

`limiting SATA link speed` au `configured for PIO4` maana yake keneli imekutana na makosa ikapunguza mwendo. Badilisha kebo kwanza. Kwenye mashine kuukuu za IDE (kiunganishi cha kabla ya SATA), hakikisha kebo ni ya nyaya 80, si 40. Ule ushauri wa `hdparm -d1` usihangaike nao: ni wa madereva ya zamani ya IDE, ambayo yaliondolewa kwenye keneli 5.14 mwaka 2021. Ya sasa huwasha DMA (njia ya haraka ya kupitisha data) yenyewe.

Zote zimejaa: jaribu diski ya kiwanda kingine, kisha safisha lenzi, vumbi la dukani halina huruma. Na hata diski ikikubali 16x, kazi ya mteja mimi naichoma kwa 8x. Dakika mbili unazookoa hazilingani na deki inayokwama bibi harusi anapoingia ukumbini.

Blu-ray ina lake: BD-RE (ile inayofutika na kuandikwa tena), kwa kuwa draivu hukagua kila inachoandika, huenda nusu ya kasi. Ongeza `stream_recording=on` kwenye amri ya hatua ya 3 kuzima ukaguzi huo, halafu hakiki nakala mwenyewe kabla ya kuikabidhi.