Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kikao na Wazazi Unapofundisha Nchi ya Kigeni

Mwalimu anayekwenda kufundisha nje ya nchi yake hujiandaa kwa mengi, kuanzia kibali cha kazi na makazi hadi mtaala mpya, lakini kikao na wazazi hukiacha mwisho kwa kuwa amekwisha kukifanya mara nyingi na hadhani kama kina jambo jipya. Nami nilidhani hivyo nilipoajiriwa katika shule ya kimataifa. Nilijua kuzungumza na mzazi. Nisilolijua ni kwamba yale niliyoyategemea bila kuyafikiri, yaani maana ya alama, lugha ya mazungumzo na hata nani mwenye haki ya kuketi mbele yangu, yote yalikuwa yamebadilika.

Anza na alama, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea. Shuleni kwetu tulitumia kipimo cha 1 hadi 7, ambacho 7 ndiyo ya juu kabisa, kama ilivyo katika programu za International Baccalaureate, mtaala unaotumiwa na shule nyingi za kimataifa. Katika kikao changu cha kwanza alikuja mama aliyesoma Ujerumani, nikamweleza kwamba mtoto wake amepata 2 katika hisabati. Alitabasamu, akanishukuru, nami nikafurahi kwamba amezipokea habari hizo kwa utulivu, nikaendelea na somo lililofuata. Nchini Ujerumani kipimo cha shule huanzia 1 hadi 6, na 1 ndiyo bora kuliko zote. 2 maana yake ni vizuri. Mama yule aliondoka akiamini kwamba mtoto wake anaendelea vema, na zikapita wiki kadhaa za muhula kabla hatujagundua kwamba hatukuelewana, wiki ambazo mtoto alihitaji msaada na hakuupata. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilimpa nambari tupu nikadhani nimempa habari.

Kwa hiyo, kabla ya kikao, andika kwa maneno ya kawaida kila alama ina maana gani: mwanafunzi anaweza kufanya nini sasa, na bado hajaweza nini. Uliza pia wazazi wa wanafunzi wako wamesoma katika mifumo gani. Mzazi aliyesoma Ufaransa amezoea alama kutolewa juu ya 20, na katika baccalauréat, yaani mtihani wa kuhitimu sekondari nchini humo, wastani wa 14 huhesabiwa kuwa vizuri, ilhali mzazi aliyezoea asilimia ataigeuza 14 hiyo kuwa 70 na pengine atasikitika. Uwe na daftari la mtoto mezani, lililofunguliwa kwenye ukurasa unaoonyesha unachokisema, maana kazi ya mtoto mwenyewe husomeka hata pale kipimo kisipoeleweka.

Jambo la pili ni lugha, na hili lishughulikiwe wiki mbili au tatu kabla, si asubuhi ya siku yenyewe. Ulizia ofisi ya shule ni wazazi gani watahitaji mkalimani na nani atamtafuta. Mtoto asifanywe mkalimani wa kikao kinachomhusu. Akifanywa, ama atayalainisha yale yanayomuumiza, ama atalazimika kuyatamka mwenyewe mbele ya wazazi wake, na yote mawili ni mzigo asiostahili kubebeshwa. Nchini Marekani, ambako Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 huzibana shule zinazopokea fedha za serikali kuu, mwongozo uliotolewa na serikali mwaka 2015 ulieleza wazi kwamba shule zisiwategemee wanafunzi, ndugu zao au marafiki kutafsiri mazungumzo na wazazi. Hata mahali pasipo na sheria ya namna hiyo, ningeshika kanuni hiyohiyo.

Ukishampata mkalimani, kutana naye dakika chache kabla ya kikao umweleze maneno ya shule utakayoyatumia, kwa kuwa mtu anaweza kuijua lugha vizuri na bado asijue tofauti kati ya jaribio la darasani na mtihani wa mwisho. Wakati wa mazungumzo mtazame mzazi, wala si mkalimani. Sema sentensi moja au mbili kisha unyamaze. Uache methali na mafumbo, ambayo huharibika njiani. Kumbuka pia kwamba kila neno litasemwa mara mbili. Shule nyingi hutenga dakika 10 au 15 kwa kila mzazi, na ukiwa na mkalimani hizo ni nusu yake, basi omba nafasi mbili zinazofuatana badala ya kumharakisha mzazi ambaye tayari anajitahidi kukuelewa.

Tatu, fahamu sheria ya nchi uliyomo kuhusu nani aelezwe habari za mtoto. Katika England na Wales, Sheria ya Watoto ya 1989 hutumia dhana ya wajibu wa mzazi, yaani haki na majukumu ya kisheria juu ya mtoto, ambao unaweza kuwa mikononi mwa watu zaidi ya wawili, na ambao si kila anayeishi na mtoto anao. Nchini Marekani, sheria ya kumbukumbu za elimu ya 1974 huwapa wazazi haki ya kuziona kumbukumbu za mtoto wao, na haki hiyo humhamia mwanafunzi afikapo miaka 18. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni za ulinzi wa taarifa binafsi zilizoanza kutumika mwaka 2018 zinazihusu shule pia, kwa hiyo jedwali la alama za darasa zima lisikae wazi mezani kwako wala kwenye skrini ya kompyuta. Huna haja ya kuwa mwanasheria. Muulize mkuu wa shule, na upate jibu kabla hajaingia mtu usiyemtambua akasema yeye ni mlezi.

Ulizia vilevile kama mwanafunzi mwenyewe huhudhuria. Japani ina vikao vya watu watatu, yaani mwanafunzi, mzazi na mwalimu, na Uswidi huzitaka shule zifanye mazungumzo ya maendeleo pamoja na mwanafunzi na mlezi wake angalau mara moja kila muhula. Maneno uliyoyaandaa kwa ajili ya mzazi peke yake hayafai kusemwa mtoto akiwapo, na ni aibu kulijua hilo mkiwa mmekwisha kuketi. Majina nayo yaangaliwe mapema: katika Korea, China na Hungaria jina la ukoo hutangulia, na kwa watu wa Iceland baba na mtoto kwa kawaida hawana jina moja la mwisho.

Kisha keti uandike karatasi moja kwa kila mtoto. Hii ndiyo kazi ndefu kuliko zote, na ndiyo ninayoithamini zaidi, kwa sababu mzazi aliye mgeni katika nchi ile, sawa na wewe, huja kwanza kutafuta dalili kwamba kuna mtu anayemjua mtoto wake. Andika jambo moja mahususi ulilomwona akilifanya, kwa mfano siku aliyomweleza mwenzake sehemu za namba mpaka akaelewa. Andika jambo moja linalohitaji kurekebishwa, pamoja na ushahidi wake. Andika swali moja ambalo mzazi pekee ndiye anayeweza kulijibu, kama vile mtoto husoma katika lugha gani nyumbani. Ikiwa unashuku tatizo la kusoma au la usikivu, eleza ulichokiona na mara ngapi, lakini usitaje jina la ugonjwa au kasoro. Zungumza kwanza na mwalimu wa mahitaji maalumu, na umwombe awepo.

Mwisho, panga mapema namna utakavyoandika mlichokubaliana na jinsi utakavyowafikia wasiohudhuria. Kutokuja si dalili ya kutojali: wengine hufanya kazi za zamu, wengine hawakuuelewa mwaliko ulioandikwa kwa lugha moja tu. Mimi huwatengea nafasi tatu au nne katika wiki inayofuata, mchana na jioni, nami huwapigia simu kupitia mkalimani. Mama yule niliyemkosea alirudi katika nafasi kama hiyo. Safari hii nilimfungulia daftari la hisabati kabla ya kutaja nambari yoyote, tukalipitia pamoja ukurasa kwa ukurasa.