Kadi ya posho ya mtoto Marekani: piga hesabu ya makato kabla ya kupakua programu

Mtoto anayepewa posho ya dola 5 kwa wiki anapata dola 260 kwa mwaka. Programu ya simu ya kadi ya mtoto inayokata dola 5.99 kwa mwezi itakula dola 71.88 katika mwaka huohuo, yaani zaidi ya robo ya posho yenyewe. Mzazi anayeishi Marekani na anataka kumpa mwanawe kadi aanze na hesabu hii, maana matangazo huonyesha rangi za kadi na michezo ya kujifunzia kuweka akiba, na makato yanaandikwa chini kabisa.

Angalia kwanza kama ada ni ya familia nzima au ya kila mtoto. Programu ya Greenlight, kwa mfano, hutoza familia ada moja inayobeba hadi watoto watano. Kwa nyumba yenye watoto wanne ada hiyo si mbaya. Kwa mtoto mmoja ni ghali. Kisha tafuta makato madogo yanayokuja baadaye: kadi mpya baada ya ile ya kwanza kupotea (na itapotea), kutoa pesa kwenye ATM, kuweka salio papo hapo badala ya kusubiri siku moja hadi tatu za kazi.

Zipo za bure, na kwa maoni yetu hizo ndizo za kuanza nazo. Chase First Banking, ya benki ya Chase, ni ya watoto wa miaka 6 hadi 17 na haina ada ya mwezi, ila ni lazima mzazi awe tayari na akaunti Chase. Akaunti ya vijana ya benki ya Capital One, iitwayo MONEY, inafunguliwa kuanzia miaka 8, nayo unaweza kuiunganisha na akaunti yako ya benki nyingine. Tofauti kubwa ni umiliki. Ile ya Chase kisheria ni ya mzazi, mtoto anapewa kadi tu, na haipokei mshahara. Ile ya Capital One ni ya wote wawili. Kijana wa miaka 16 anayekaribia kuanza kazi ya likizo anahitaji akaunti ambayo mwajiri anaweza kuingiza mshahara moja kwa moja. Ukimchagulia kadi ya kujazwa na mzazi pekee, utalazimika kuhama baada ya miezi michache.

Mtoto wa miaka 5 au 6 hahitaji kadi. Anahitaji kuona pesa zikihesabiwa. Programu ya FamZoo ina akaunti za kumbukumbu tu, ambapo programu inaandika deni lako kwa mtoto na pesa halisi zinabaki kwako. Daftari la mistari linafanya kazi hiyohiyo.

Pesa ziko kwa nani?

Swali hili wazazi wengi hawaliulizi, nalo ndilo zito kuliko yote. Programu nyingi za posho si benki. Kuna kampuni ya programu, kuna benki iliyotoa kadi, na mara nyingine kuna kampuni ya tatu katikati inayotunza hesabu za nani ana kiasi gani. Aprili 2024 Synapse, iliyokuwa kampuni ya katikati ya aina hiyo, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Mwezi uliofuata Copper, programu ya vijana iliyoitegemea, ilisitisha akaunti na kadi zake. Bima ya FDIC, shirika la serikali ya Marekani la kulinda amana za benki, inayofika dola 250,000, hulipa benki inapoanguka. Kampuni ya katikati ikianguka, bima hiyo haikuhusu, hata kama nembo ya FDIC imebandikwa kwenye tovuti ya programu.

Kwa hiyo, kabla ya kujisajili, soma maandishi madogo chini ya tovuti au nyuma ya kadi, ambapo jina la benki iliyoitoa huandikwa. Litafute jina hilo kwenye BankFind, ukurasa wa FDIC wa kukagua benki. Halafu fungua mkataba wa akaunti uone kama kuna kampuni nyingine inayotajwa kati ya programu na benki. Hata ukiridhika, kwenye kadi weka matumizi ya wiki mbili hadi nne tu. Akiba ya mtoto ikae kwenye akaunti ya akiba ya benki.

Wiki ya majaribio

Andaa namba ya Hifadhi ya Jamii (SSN) yako na ya mtoto. Kama wewe unatumia ITIN, namba ya kodi ya wasio na SSN, uliza huduma kwa wateja kabla ya kujaza fomu, kwa sababu baadhi wanaikubali na wengine wanakukataa mwishoni kabisa. Weka dola 10, kisha:

1. Mtoto anunue kitu kidogo dukani kwa namba yake ya siri. Ujumbe ufike kwenye simu yako palepale, ukiwa na jina la duka.
2. Ifunge kadi kwenye programu, ajaribu tena. Ikikubali, achana na programu hiyo.
3. Anunue kitu mtandaoni. Kadi ikikataliwa huku salio lipo, mara nyingi anwani iliyojazwa haifanani na ile uliyojisajili nayo.

Kuna sehemu mbili ambako kadi hizi huaibisha watoto. Kituo cha mafuta ni cha kwanza: pampu inazuia kiasi kikubwa, mara nyingine dola 100 au zaidi, kabla haijajua utajaza lita ngapi. Kijana mwenye dola 30 anakataliwa, au pesa zake zinakwama kwa siku kadhaa. Mfundishe aingie ndani alipe kwa keshia, akitaja kiasi. Sehemu ya pili ni zile ofa za siku 7 za bure kwenye michezo. Kuifunga kadi hakufuti usajili. Ufute kule kule ulikoanzia.

Posho ya kujiendesha, yaani inayohamishwa na programu yenyewe kila wiki, nayo ina hatari yake. Ikivutwa kwenye akaunti yako siku ambayo salio limeisha, benki yako inaweza kukukata faini kubwa kuliko posho yenyewe. Ipange iingie siku moja au mbili baada ya mshahara wako.

Kadi ikipotea, ifunge mara moja, kisha itolee taarifa. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Sheria ya Marekani inaweka ukomo wa hasara ya dola 50 ukitoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi tangu ujue imepotea. Ukichelewa, inaweza kufika dola 500.

Mkienda Dar es Salaam au Mombasa kusalimia, ulizia makato ya muamala wa nje, ambayo kwa kadi nyingi hukaribia asilimia 3, na kama kadi inafanya kazi huko. Kwa maandazi na juisi mtoto atahitaji noti au simu ya mzazi, maana genge halina mashine ya kadi.